Je, Niukate Mkono Uliolala Nivae wa Mashine?

SWALI: Msomaji wetu wa kaskazini mwa Pemba, mwenye umri wa miaka 31, ameandika hivi: "Assalamu alaykum. Msimu wa karafuu uliopita nilivunjikiwa na tawi nikiwa juu ya mkarafuu. Nilipokuwa naporomoka nilidaka tawi jengine kwa mkono wa kulia, nikaning'inia kidogo, kisha nikaanguka. Sikuvunjika mfupa, lakini tangu siku ile vidole vya mkono huo havifungiki, na huu sasa ni mwezi wa 16. Bega na kisugudi vinafanya kazi, na kiganja naweza kukiinua juu. Katika simu nimeona mikono ya mashine inayoshika yai bila ya kulivunja. Vijana wa barazani wananambia niukate huu usio na kazi nivae ule, na kwamba si muda mrefu watu watabadilisha hata viungo vizima. Mke wangu hataki kulisikia jambo hilo, na babu yangu anasema ni haramu. Fundi, nifanye nini?"

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu, na pole sana kwa yaliyokufika. Kabla ya yote nikiri kwamba riziki yangu mimi inatokana na viungo bandia. Ufundi huu nilijifunza Moshi, katika chuo cha TATCOT kilicho jirani na hospitali ya KCMC, ambacho kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo tangu mwaka 1981, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikitengeneza miguu na mikono hapa Unguja. Kwa hivyo nikikwambia usiukate mkono wako, uelewe kwamba anayekwambia ni muuza samaki anayekuzuia kununua samaki wake.

Kwanza tujue kilichokupata. Mishipa ya fahamu inayouendesha mkono hutoka katika uti wa mgongo, pale shingoni, ikiwa ni mizizi mitano. Hupita nyuma ya mtulinga, ikasokotana kama nyuzi za kamba, kisha ikateremka kwapani mpaka ncha za vidole. Mtu anayerushwa na pikipiki akaangukia bega huumiza mizizi ya juu, na vinavyolala kwake ni bega na kisugudi. Mtu anayedaka tawi huku mkono uko juu ya kichwa na uzito wote wa mwili unavuta chini huumiza mizizi miwili ya mwisho, na kwake vinavyolala ni vidole. Vitabu vya udaktari hutoa mfano huo huo wa mtu aliyedaka tawi, ingawa sidhani kama walioviandika waliwahi kuuona mkarafuu wa Pemba wenye wachumaji wanne juu yake.

Mshipa wa fahamu ulioumia, ukibahatika kuota tena, huota kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi misuli midogo ya kiganja ni safari ya karibu miaka miwili, na msuli uliokosa mshipa wake hausubiri muda wote huo. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu huwa umekwisha nyauka kiasi cha kutofufuka. Ndiyo sababu upasuaji wa kuunga mishipa yenyewe hupendekezwa ufanywe ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Ungaliandika mwezi wa pili ningekujibu mambo mengine kabisa, na hili nalisema kwa ajili ya wachumaji wengine wanaosoma hapa: anayeanguka akawa hana mfupa uliovunjika lakini vidole vimelala, asiambiwe akandwe tu kwa maji ya moto asubiri.

Hata hivyo, katika barua yako ipo sentensi ambayo huenda wewe mwenyewe hukuona uzito wake: kwamba kiganja unaweza kukiinua juu. Naomba usimamishe kusoma kwa muda, uweke kigasha cha mkono wa kulia juu ya meza, uuache mkono uning'inie nje ya ukingo ukiwa umelegea. Sasa uinue kiganja polepole na uvitazame vidole. Kama ninavyotarajia, utaviona vikijikunja vyenyewe kidogo, na kidole gumba kikisogea ubavuni mwa kidole cha shahada. Vidole hivyo havikufufuka. Kano zake hupita mbele ya kifundo cha mkono kama kamba zilizopita juu ya gurudumu, na kifundo kikirudi nyuma kamba hizo hukazika. Mshiko huo ni dhaifu, lakini unatosha kushika karatasi au mswaki, na daktari wa upasuaji wa mikono huuona kuwa ni mtaji.

Mtaji huo huzalishwa hivi. Kiganja kinainuliwa na misuli mitatu, na kazi hiyo yaweza kufanywa na miwili, hivyo daktari huchukua kano ya mmoja wao, akaipitisha ndani ya kigasha na kuiunga na kano zinazokunja vidole. Upo msuli mwengine unaosaidia kukunja kisugudi, nao huhamishiwa kidole gumba. Kisugudi hakidhuriki, kwani kina misuli mingine yenye nguvu zaidi ya kazi hiyo hiyo. Mkono hufungwa plasta kwa muda wa wiki kama 4, halafu hufuata miezi ya mazoezi, ambapo mgonjwa mwanzoni hufikiria kuinua kiganja na kushangaa kuona vidole vinafunga, mpaka ubongo uzoee. Hautakuwa mkono wa kumfinya mtu ukamtoa machozi. Utakuwa mkono wa kushika kijiko, kikombe, usukani wa baiskeli na mpini mwepesi, na muda wa miezi 16 haukuufunga mlango huu, kwa sababu misuli inayohamishwa ni ile iliyo hai.

Jambo jengine ambalo hukulitaja ni hisia, na kwangu mimi hili ndilo linaloamua. Fumba macho, umwombe mkeo akuguse ncha za vidole kwa manyoya ya kuku au kwa uzi. Kwa aina ya jeraha ulilolieleza, kidole cha mwisho na cha pete huenda vikawa vimekufa ganzi, lakini kidole gumba, cha shahada na cha kati kwa kawaida hubaki na hisia, kwa kuwa hupata mishipa yao kutoka mizizi ya juu zaidi. Ngozi ya kiganja kimoja cha binadamu ina vipokezi vya mguso vinavyokaribia 17,000. Yule mtu wa kwenye simu anayeshika yai kwa mkono wa mashine, mtazame macho yake: hayabanduki kwenye yai. Mkono wake haumwambii kitu, kwa hivyo macho ndiyo yanayofanya kazi ya ngozi. Wewe huingiza mkono wa kushoto katika pakacha usiku na kulitambua yai, embe na mchanga bila ya taa, na sehemu ya uwezo huo bado imo katika mkono wa kulia unaotaka kuutupa.

Ipo na kasoro nyengine ambayo vijana wa barazani hawawezi kuijua, nayo ni ya kifundi. Mikono ya mashine unayoiona huongozwa na misuli ya kigasha kilichobaki. Msuli ukikazwa hutoa umeme mdogo sana. Sensa, yaani vihisio vidogo, zilizolala juu ya ngozi huusikia umeme huo, moja ikasikiliza misuli ya kufunga na nyengine misuli ya kufungua, na mota zikatii. Kwako wewe, misuli mingi ya upande wa kufunga ndiyo hiyo iliyolala. Ukikatwa, misuli hiyo haitaamka eti kwa sababu tu imepewa mashine ya kuitumikia. Utakuwa na sensa moja inayosikia vizuri na nyengine inayotega sikio kwenye chumba ambacho karibu watu wote wamehama.

Nikupe kisa kimoja nilichokishuhudia, bila ya kumtaja mwenyewe wala kampuni. Kijana aliyepoteza mkono katika mashine ya kukatia mbao alinunuliwa mkono wa umeme na ndugu zake walioko Maskati. Ulifika ndani ya sanduku zuri, pamoja na chaja na glovu mbili za rangi ya ngozi. Wiki ya kwanza nyumba yao haikukosa wageni. Mwezi wa pili glovu ilikuwa imegeuka manjano ya bizari kwenye ncha za vidole, na haikusafika kwa sabuni wala kwa ndimu. Kila alipotoka jasho, na Unguja mtu hutoka jasho hata akiwa amekaa, sensa zilipoteza shabaha na mkono ukafunguka wenyewe. Mara moja ulimwachia birika la chai mbele ya wakwe. Mwezi wa tisa mota ya kidole gumba ikakwama. Waliouuza wakataka urejeshwe kwao, na gharama ya kuusafirisha na kuutengeneza ilizidi mapato yake ya mwaka mzima. Siku aliyokuja karakanani aliuleta umefungwa ndani ya kanga, kama vile anavyobebwa mtoto mchanga. Nilimtengenezea soketi, yaani kile kikombe kinachovishwa kigutu, nikaitia kulabu ya chuma kisichoshika kutu, yenye kamba inayopita mgongoni na mpira wa kuifungia. Akisukuma bega mbele kulabu hufunguka, akilegeza hufunga. Hivi leo anakokotea kamba za dau, na mpira ukikatika huununua dukani yeye mwenyewe. Kwa sura ile kulabu haina tofauti kubwa na kigoe mnachovutia matawi ya mkarafuu, na nikisema hivyo naisifu.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu swali lako limeuliza kuhusu mkono tu, ilhali ukweli ni kwamba anayevaa mashine huvaa pamoja nayo fundi wake, vipuri vyake, umeme wake na kampuni yake. Mkono wa aina ile huhitaji kuchajiwa takriban kila usiku. Pemba imeunganishwa na gridi ya bara kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na hilo ni jema, lakini sisi wa Unguja hatujaisahau miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati waya wetu ulipoharibika. Mkono wa nyama wakati ule haukuzimika hata siku moja, na ukikwaruzika hujiganga wenyewe.

Sitaki nionekane nimekuficha habari, kwa hivyo nikwambie kwamba lile unaloliuliza limewahi kufanywa na madaktari wa kuaminika. Mwaka 2015, huko Vienna, nchini Austria, daktari Oskar Aszmann na wenzake waliandika habari za wanaume watatu waliokatwa mikono yao iliyopooza na kuvishwa ya mashine, na wote watatu waliweza baadaye kumimina maji kutoka kwenye jagi na kutumia ufunguo. Wao pia walikuwa wameumia mishipa ile ile ya shingoni. Lakini angalia utaratibu wao. Mikono ya watu wale haikuwa na matumizi hata kidogo, na tiba nyengine zote zilikuwa zimekwisha shindwa. Kabla ya kukatwa, walifanyiwa kwanza upasuaji wa kuhamisha misuli na mishipa ili kigasha kipate ishara za kuiongoza mashine. Wakafundishwa mbele ya kompyuta kuzitoa ishara hizo. Wakafungiwa mkono wa mashine pembeni ya mkono wao uliopooza wakautumia kwa miezi kadhaa. Na ndipo msumeno ukaja, ukiwa wa mwisho. Aliyekuonyesha video hakukuonyesha hiyo miezi. Mkono wako wewe, wenye kiganja kinachoinuka na, ninavyotaraji, vidole vitatu vinavyohisi, usingefaulu hata kuingia katika orodha yao, na kutofaulu huko ni kheri kwako.

Ama hilo la kubadilisha hata viungo vizima, nitakuwa mfupi, ijapokuwa barazani najua halimaliziki kwa chungu kimoja cha kahawa. Sehemu bandia zinazofaa sana mwilini ni zile zinazofanya kazi moja, kimya, mahali ambapo kiungo cha asili kimekwisha shindwa. Bora kuliko zote, kwa maoni yangu, haina hata mota: ni ile lenzi ndogo inayowekwa jichoni baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Daktari wa Kiingereza, Harold Ridley, aliiweka ya kwanza London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita vilivyowaingia marubani machoni havikuleta uvimbe. Bibi wangapi wa Unguja na Pemba leo wanachambua mchele kwa lenzi ile bila hata kukumbuka kwamba wanayo? Nyonga ya bandia nayo, iliyosimamishwa vizuri na John Charnley huko Uingereza mwaka 1962, imewarudisha wengi kwenye sala ya kusimama. Kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kiliwekwa mwilini mwa mtu kwa mara ya kwanza Uswidi mwaka 1958. Cha kwanza kilidumu saa chache, lakini mgonjwa yule, Arne Larsson, alibadilishiwa vifaa mpaka vikafika 26 na akaishi hadi mwaka 2001. Hapo utaona faida na sharti lake pamoja: uhai wa miaka 43, na hospitali inayokungoja kila betri inapochoka.

Sharti hilo likivunjika huwa namna gani? Palikuwa na kifaa cha Marekani kiitwacho Argus II, chenye nukta 60 za umeme zilizobandikwa ndani ya jicho, upande wa nyuma, kilichowapa vipofu wa aina fulani uwezo wa kuona mimweko na kingo za vitu. Zaidi ya watu 350 duniani waliwekewa. Mwaka 2019 kampuni iliyokitengeneza ikaamua kuachana nacho, na watu wale wakabaki na kifaa machoni mwao ambacho hakina tena mwenye kukitengeneza. Walikuwa vipofu kabla ya hapo, kwa hivyo mtu aweza kusema hawakupoteza kitu. Aliyekata kiungo kizima hatakuwa na la kusema hivyo. Tena wengi wa waliokatwa mkono au mguu huendelea kuumwa na kiungo kisichokuwepo, usiku, kwenye vidole ambavyo vimekwisha zikwa, na maumivu hayo hakuna mashine inayoyaondoa kwa uhakika.

Kuhusu neno la babu yako, mimi ni fundi, si mwanachuoni, na suala la kukata kiungo kilicho hai nakushauri ulipeleke Ofisi ya Mufti ukiwa na ripoti ya daktari mkononi, maana hukumu hufuata maelezo ya hali. Ila babu asidhani kwamba kiungo cha bandia chenyewe ndicho kilichokatazwa. Imepokewa katika hadithi za Abu Daud na Tirmidhi kwamba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake vitani katika zama za kabla ya Uislamu, akavaa pua ya fedha ikamtoa harufu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru avae ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume ni haramu. Kila nikiisoma hadithi hii, pamoja na mengine, ufundi wangu hunifanya nitabasamu, kwani dhahabu haishiki kutu kwa majimaji ya mwili, na mpaka leo tatizo letu kubwa karakanani ni lile lile la kitu gani kinaweza kukaa na ngozi bila ya kuozeana. Arfaja lakini hakuwa na pua. Wewe mkono unao.

Sasa fanya haya. Nenda hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, au uje Mnazi Mmoja, uonane na daktari wa mifupa, umwonyeshe lile jaribio la kwenye meza, na umwombe rufaa ya MOI, ile taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, uchunguzwe kwa ajili ya kuhamishiwa kano. Tumia neno hilo hilo, kuhamisha kano, kwa sababu ukisema tu kwamba mkono umepooza unaweza kupewa dawa za kupaka ukarejeshwa nyumbani. Mpaka siku hiyo, vinyooshe vidole kila asubuhi na jioni visikakamae, lakini kwa sharti moja ambalo watu wengi hulikosea: unapovinyoosha vidole, kiganja kiwe kimeinama chini, na kiganja kikiwa kimeinuliwa, viache vidole vikunjike vitakavyo. Ukivivuta vyote nyuma kwa pamoja utazilegeza zile kano, na mshiko wako mdogo wa bure utaupoteza kabla daktari hajauona. Vidole vyenye ganzi vikague kila usiku kwa taa, hasa ukikaa karibu na jiko au ukishika kikombe cha chai, maana vinaweza kuungua usijue mpaka unuse harufu.

Huu mkono wa kulia nao urejeshe kwenye sinia. Najua utaona haya. Wengi kati ya wanaonijia hula peke yao jikoni mwaka mzima kwa kuona haya kutumia kushoto mbele za watu. Mwambie mkeo auviringishe mpini wa kijiko kwa kitambaa mpaka unenepe kama mhogo mwembamba, ukiingize kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha inua kiganja kijikaze. Mara za mwanzo wali utamwagika zaidi ya utakaofika kinywani. Endelea nacho hivyo hivyo mpaka siku ya rufaa, na ukienda, kijiko hicho kitie mfukoni umwonyeshe daktari.